Wataka Nini? Watumwa wa Unguja na Pemba Walipoanza Maisha Upya

Ninyi mliokusanyika katika vikundi vya kusikiliza, mwandishi wa kikundi na awe na kalamu na karatasi karibu, maana mwisho wa somo kuna maswali ya kuzungumza.

Leo twazungumza habari za kuanza maisha upya. Jambo hili humfika mtu mzima kwa heri au kwa shari. Mmoja amefiwa na mwenzi wake. Mwingine ameachishwa kazi aliyoizoea miaka ishirini. Wa tatu amehamia mji ambao hamjui hata mtu mmoja. Watu humwuliza, "Sasa wataka nini?" naye hujikuta hana jibu. Si kwamba ni mpumbavu. Miaka yote aliyoishi, mambo mengi yaliamuliwa na kazi, au na desturi, au na mtu mwingine. Sasa yampasa kuamua mwenyewe, na hakuzoea.

Katika historia ya pwani yetu wako maelfu ya watu waliofikiwa na swali hilo kwa wakati mmoja. Hao ni watumwa wa Unguja na Pemba walipofunguliwa mlango wa uhuru mwaka 1897. Tuwatazame walivyofanya, kisha tuone kama tuna la kujifunza kwao.

Sheria ya mwaka 1897

Kwanza tushike tarehe. Biashara ya kuleta watumwa kwa njia ya bahari ilikatazwa na mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, katika enzi ya Seyyid Barghash, na soko la watumwa la mjini Unguja likafungwa. Lakini kufunga soko si kuwaacha huru waliokwisha kununuliwa. Watu waliokuwa mashambani na majumbani waliendelea kuwa watumwa kwa karibu miaka 24 zaidi. Ndipo tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed, ambaye Waingereza walikuwa wamemweka kitini mwaka uliotangulia, akatia sahihi sheria ya kuiondoa hali ya utumwa.

Sikilizeni vizuri sheria ile ilisema nini. Haikusema kwamba tangu leo watumwa wote ni watu huru. Ilisema kwamba mahakama hazitamsaidia tena bwana anayedai haki juu ya mtumwa wake. Aliyetaka uhuru wake utambuliwe ilimbidi aende mwenyewe mbele ya wakuu akauombe. Na alipofika alikuta masharti. Ilimpasa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kupata riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Kama makazi yake yalikuwa katika ardhi ya mtu mwingine, ilimpasa kulipa kwa fedha, au kwa kazi, au kwa mazao, kama watakavyopatana mbele ya mahakama. Bwana aliyepotewa na mtumwa aliweza kulipwa fidia na Serikali. Mtumwa aliyefanya kazi bure miaka mingi hakulipwa kitu.

Basi mfikirieni mtu huyo. Alichukuliwa kwao, pengine upande wa ziwa Nyasa, akiwa mtoto. Lugha ya mama yake ameisahau nusu. Tangu utoto wake ameambiwa wapi alale, shamba gani alime, na nani atamwoza. Leo amesimama mbele ya ofisa anaulizwa, "Utakaa wapi? Utakula nini?" Hayo ni maswali ya haki, lakini hayakumfikia yeye hasa. Yalimfikia mfanya kazi. Swali la kumwuliza mtu mwenyewe, yaani "Wataka nini?", halikuandikwa katika sheria.

Watu waliomtakia

Tena wakati ule wengine walikuwa na majibu tayari. Utajiri wa visiwa ulikuwa ni karafuu. Shamba la mikarafuu lina kazi kubwa mbili: palizi na mavuno. Kuchuma ni kazi ya msimu, na mchumaji huweza kuhesabu pishi zake na kupata fedha nzuri. Palizi ni kazi ya mwaka mzima, inachosha mgongo, na ujira wake ulikuwa mdogo. Serikali iliogopa kwamba watumwa wakiondoka, magugu yatafunika mashamba na ushuru wa karafuu utaanguka. Kwa hiyo maofisa walitaka watu waliofunguliwa wapatane na wenye mashamba, wabaki pale pale, wapalilie kwa mkataba.

Wenye mashamba nao walikuwa na mpango wao: mtu abaki na kibanda chake, na badala ya kuitwa mtumwa aitwe mpangaji, lakini jembe liendelee kufanya kazi kama jana.

Hapa pana fundisho la kwanza. Mtu asiyejua anachokitaka hakosi mtu wa kumtakia. Na mara nyingi mtu huyo si adui, bali ana shamba lake linalongoja palizi.

Walianza na walichokwisha kukionja

Je, watu wale walijuaje wanachokitaka? Hawakukaa chini wakatafakari neno kubwa kama "uhuru". Walianza na mambo madogo ambayo walikuwa wamekwisha kuyaonja wakati wa utumwa, wakataka yaongezeke.

Jambo la kwanza lilikuwa siku. Kwa desturi ya mashamba ya Unguja na Pemba, mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano za juma, na Alhamisi na Ijumaa alikuwa na nafasi ya kulima konde yake mwenyewe. Katika siku mbili hizo alipanda muhogo, kunde na mtama, akala na watoto wake, na kilichobaki akauza. Kwa hiyo hata katika utumwa mtu alikuwa anajua tofauti ya jembe la Jumatatu na jembe la Alhamisi. Jembe ni lile lile, jua ni lile lile, lakini moyo si ule ule.

Sheria ilipokuja, wengi walilitumia jambo hilo kama kipimo. Walipopatana na mwenye shamba, walibishania siku: wampe siku tatu au nne badala ya tano. Wengine waliacha kabisa mikataba ya palizi, wakatafuta kazi ya kibarua ya siku moja moja, ambayo mtu aweza kuianza na kuiacha apendavyo. Walikwenda kuchuma karafuu wakati wa mavuno, kisha wakarudi katika muhogo wao. Wengine waliingia mjini wakawa wachukuzi, wavuvi, wauza samaki, wapishi, mafundi. Maofisa waliwaona wavivu. Lakini mtu aliyekataa palizi ya mkataba na akaamka alfajiri kulima konde yake hakuwa mvivu. Alikuwa amejua kitu kimoja: anataka kuzitawala siku zake.

Jambo la pili lilikuwa nguo. Nguo ya mtumwa ilikuwa merikani, au kaniki ya rangi nyeusi kwa wanawake. Kofia na viatu vilikuwa alama za mwungwana, na mtumwa hakuruhusiwa kujivika kama bwana wake. Baada ya uhuru wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakaiacha kaniki wakajifunga kanga za rangi na maua, na baadaye wengi wakavaa buibui. Pengine mtu atasema hayo ni mapambo tu. Sivyo. Mtu aliyevishwa na mwingine maisha yake yote, anapochagua nguo kwa fedha yake mwenyewe dukani, anafanya zoezi la kutaka. Leo anachagua rangi ya kanga. Kesho atachagua jambo kubwa zaidi.

Jambo la tatu lilikuwa jina. Watumwa wengi walipewa majina na mabwana wao: Mabruki, Feruzi, Majaliwa, hata Mtumwa lilikuwa jina la mtu. Baada ya kufunguliwa, wengi walijichagulia majina mengine, wakawapa watoto wao majina yasiyosimulia habari za utumwa. Hata habari za kabila zilibadilika. Katika Unguja ya siku zile, kuitwa Mswahili kulikuwa kumeanza kumaanisha mtu wa asili ya utumwa. Basi kati ya hesabu ya watu ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931 waliojiandikisha Waswahili walipungua sana, na waliojiita Washirazi wakaongezeka. Watu walikuwa wanajibu swali la "Wewe ni nani?" kwa namna waliyotaka wao.

Waliobaki

Msidhani kwamba waliobaki kwa mabwana wao hawakujua wanachokitaka. Wengi hawakwenda mahakamani kamwe, na walikuwa na sababu.

Wako waliokuwa wazee. Kwao kibanda, majirani, na makaburi ya watoto wao yalikuwa mahali pamoja. Wako waliojua kwamba bwana wao atawatunza katika ugonjwa, na wakaona heri udugu wenye kasoro kuliko upweke mjini. Na wako waliokuwa na haja ya kidini. Hao walisema kwamba uhuru wa karatasi ya Serikali haumtoshi Mwislamu; anayeweza kumfungua mtumwa kwa haki ni bwana wake mwenyewe. Walitaka kuachwa huru kwa ulimi wa bwana na kwa hati yake, ili ndoa zao na mirathi yao isiwe na shaka mbele ya majirani. Ofisa aliona mtu anayekataa uhuru. Kumbe mtu yule alikuwa anautaka uhuru, lakini wa namna ambayo watu anaoishi nao wataukubali.

Swali lililokuwa gumu kuliko yote liliwafikia wanawake waliokuwa masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa nyumbani na mabwana zao. Sheria ya mwaka 1897 iliwaacha nje. Ilisema wahesabiwe kama wake wa nyumba ile, na wasiondoke ila wakitoa dai la kutendewa ukatili. Ilikuwa ni mwaka 1909 tu sheria nyingine ilipowafungulia mlango wao pia. Lakini mlango wenyewe ulikuwa mzito. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria na bwana wake ni mtoto huru, wa ukoo wa baba yake, na mama yake hawezi kuuzwa, tena huwa huru bwana akifa. Suria aliyeondoka mapema aliweza kutengwa na watoto wake. Basi mama aliyebaki mpaka bwana afe alikuwa amepima: uhuru leo bila watoto, au uhuru kesho pamoja nao. Nani atamwambia kwamba hakujua anachokitaka? Alijua mno, na alijua bei yake.

Kujua huja njiani

Turudi nyuma kidogo, kabla ya sheria zote hizo, tumtazame mtu mmoja ambaye habari zake zimeandikwa sana: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa pwani, akapelekwa mpaka Uhindi. Miaka mingi baadaye bwana wake alikufa naye akawa huru. Hapo angeweza kubaki Uhindi, lakini alipanda chombo akarudi Unguja.

Hakuenda Uyaoni. Aliingia kazi ya uaskari katika jeshi la Sultani, na alikuwa askari wa bara mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipomchukua katika safari yao. Mwaka 1858 alikuwa pamoja na Speke walipofika ziwa la Nyanza. Kati ya 1860 na 1863 alisafiri tena na Speke. Mwaka 1871 alikwenda na Henry Stanley mpaka Ujiji alikokuwa David Livingstone. Kisha akaondoka na Verney Lovett Cameron mwaka 1873, na mwaka 1875 wakatokea pwani ya bahari ya magharibi. Yule mtoto aliyepelekwa pwani kuuzwa akawa kiongozi wa misafara, aliyeivuka Afrika kwa miguu kutoka bahari hata bahari. Alifariki mwaka 1885.

Hakuna haja ya kudhani kwamba siku ile alipofunguliwa Uhindi aliyaona yote hayo mbele yake. Hatua ya kwanza ilikuwa ni kurudi upande wa nyumbani. Ya pili ilikuwa kazi ya kumpa posho. Katika kazi hiyo alikutana na nyingine iliyomfaa zaidi, akaiacha ya kwanza. Mtu anayengoja mpaka aione njia yote ndipo ainue mguu, hataondoka.

Watoto wa kizazi kile

Sasa tuwatazame watoto wa watu waliofunguliwa. Katika kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, alizaliwa msichana aliyepewa jina hilo tulilolitaja: Mtumwa. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi na mama yake wa asili ya Uzigua. Walikuwa mafukara. Msichana alijifunza ufinyanzi, akawa anachukua vyungu na kuvitembeza kuviuza, huku akiziita bidhaa zake kwa sauti nzuri ambayo watu waliijua kutoka mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mafundi wa muziki, akafundishwa kuimba na kuifuata ngoma na udi. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu; yeye akaiimba kwa Kiswahili, na mambo ya mitaa yakaingia katika nyimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kutia sauti katika sahani za santuri. Dunia ilimjua kwa jina jingine: Siti binti Saad, yaani Bibi, binti wa Saad. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Tazameni tena. Hakuacha kila alichokuwa nacho ili awe mtu mpya. Sauti iliyouza vyungu ndiyo iliyoimba. Kilichobadilika ni mahali, walimu, na jina.

Mwaka ule ule wa 1928 watu wengi wa Ng'ambo, mtaa mkubwa ng'ambo ya mji wa mawe, walikataa kulipa kodi ya viwanja iliyokuwa imepandishwa. Wengi wao walikuwa watu waliofunguliwa na watoto wao. Vibanda vilikuwa vyao, lakini ardhi chini ya vibanda haikuwa yao. Mwaka 1897 wazazi walitaka siku. Miaka thelathini baadaye watoto walitaka kukaa katika nyumba zao bila hofu. Kutaka kumoja kulikuwa kumezaa kwingine.

Hata hivyo tusipambe habari. Kujua unachokitaka si kukipata. Mashamba makubwa yalibaki mikononi mwa wenyewe. Mpangaji aliruhusiwa kupanda muhogo, lakini kwa kawaida hakuruhusiwa kupanda mnazi wala mkarafuu, kwa kuwa mti wa kudumu ni alama ya kumiliki. Watu wengi walijua vema kwamba wanataka mti wao, wakafa bila kuupata. Lakini waliokwisha kujua hawakuweza tena kudanganywa kwamba kitu kingine ndicho walichokuwa wakikitafuta.

La kujifunza

Mabibi na mabwana, wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, na tena wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu wa mwaka 1897 waliyafuata maneno hayo mawili.

Yeyote kati yenu anayeanza upya leo, asijilazimishe kujibu swali kubwa kwa siku moja. Na ajiulize kwanza: katika maisha yangu ya zamani, ni wapi nilipokuwa na Alhamisi na Ijumaa yangu? Yaani saa gani, kazi gani, mahali gani moyo wangu ulikuwa wangu? Hapo pana mbegu. Pili, na awatazame wanaomshauri, aone nani ana palizi yake. Tatu, achague jambo moja dogo kwa fedha yake na kwa kinywa chake, alitende, kisha asikilize moyo unasemaje. Nne, asimcheke aliyeamua kubaki. Huenda naye amepima, na bei yake anaijua.

Maswali ya kuzungumza

1. Sheria ya mwaka 1897 ilimtaka mtu aonyeshe nini ili asihesabiwe mzururaji? Je, masharti hayo yalimfaa nani zaidi?

2. Kwa nini watu wengine hawakutosheka na uhuru wa mahakamani, wakataka hati ya bwana?

3. Mama aliyekuwa suria mwaka 1909 akija kwenu kutaka shauri, mngemwuliza maswali gani kabla ya kumpa jibu?

4. Wazee wa kikundi na watueleze: walipoanza maisha mahali papya, ni jambo gani dogo lililowaonyesha kwanza wanachokitaka?

Wakuu wa vikundi, andikeni majibu yenu kwa ufupi, na kila mmoja apewe nafasi ya kusema, hasa wanawake na wale walio kimya. Hapa ndipo mwisho wa somo la leo. Kwaherini.